Nchi Isiyofunga Mlango

Hadithi hii si ya zamani wala si ya kale, na wala haikutokea kwenu. Ukiona mtu humu ndani anafanana na mtu unayemjua, macho yako ndiyo yenye uchokozi.

Ilikuwepo nchi ikiitwa Jamhuri ya Ukarimu. Huko mtu hakupewa kazi kwa kujua kazi. Alipewa kwa kujua mtu. Jambo hilo halikuwa siri wala aibu. Ila serikali sikivu ikaona kwamba kujuana kwa kunong'onezana chini ya meza ni ushamba, ikaanzisha mtandao wa simu ili watu wajuane mchana kweupe. Mtandao ukaitwa Barazani. Kila raia mwenye taaluma yake alitakiwa awe na baraza humo, na kwenye baraza hiyo waonekane wameketi watu wote anaofanya nao kazi, kila mmoja na picha yake, ujuzi wake na sifa zake.

Anayetaka kuingia alibonyeza palipoandikwa Hodi. Mwenye baraza akabonyeza Karibu. Neno jingine la kujibu halikuwekwa. Sababu aliieleza Waziri wa Kujuana, Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi wa Heshima Gwakisa Tumbuo, siku ya uzinduzi.

"Ndugu zangu!" alinguruma. "Babu zetu hawakufunga milango. Kwa nini? Kwa sababu hawakuwa na milango! Sisi ni nani hata tufunge?"

Watu wakapiga vigelegele, na Sheria ya Milango Wazi ikapitishwa kabla pilau haijaiva. Tangu siku hiyo kumficha mtu unayefanya naye kazi likawa kosa, nalo likaitwa uchoyo wa watu. Waheshimiwa peke yao waliruhusiwa kufunga baraza zao. Mheshimiwa hana cha kuficha, kwa hiyo hakuna ubaya akikificha.

*

Katika mji mkuu, Makutano, alikuwepo mwanamke mmoja, Bi Sikudhani Mbwilo, msimamizi wa mtambo wa majitaka. Majitaka ni jina la heshima. Msomaji anajua tunazungumzia nini. Yote yaliyoliwa Kilimani kwa wakubwa na yote yaliyoliwa Bondeni kwa wadogo yalikutana kwake, na hapo tu, katika nchi nzima, ndipo usingeweza kutofautisha ya waziri na ya mzoa taka.

Sikudhani aliwapenda mafundi wake. Na kwa kuwapenda alifanya kosa ambalo hufanywa na watu waliolelewa wakaleleka. Kila Barazani ilipomwomba atoe ushuhuda juu ya wenzake, alikaa kitako akawasifu. Huyu ana mikono ya dhahabu. Huyu hajawahi kuchelewa. Huyu ukimpa pampu iliyokufa, anakurudishia ikiwa hai. Hakujua kwamba anauza mbuzi wake huku akidhani anawachana manyoya.

Wakaja madalali. Serikali iliwaita Wawezeshaji wa Fursa, lakini watu wa mjini waliwaita kwa jina lao, madalali wa watu. Aliyemwandama Sikudhani aliitwa Lameki Fanaka, mtu wa suti ya kubana na viatu vyenye ncha, aliyejua kucheka kwa meno bila kushirikisha macho. Alipiga hodi. Sikudhani akajibu karibu, angejibu nini tena? Sasa kwa desturi ya Ukarimu, mgeni akishaingia humwamkia kila aliyeketi barazani. Lameki alikuwa na adabu zake zote. Akaamkia mmoja baada ya mwingine: "Shikamoo fundi. Habari za kazi? Ipo nchi ng'ambo inakuulizia." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Mafundi wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akiagwa kwa keki na machozi. Yule aliyekuwa akifufua pampu alituma picha kutoka ng'ambo, amesimama kwenye baridi na mfuko mdogo mkononi, akimfuata mbwa wa tajiri. Mtu aliyewahi kuubeba mji mzima kwa akili zake, sasa anaokota ya mbwa mmoja. Lameki aliibandika picha hiyo kwenye baraza yake na kuandika juu yake: Ndoto imetimia! Sikudhani alipoiona alitema mate palepale, sakafuni, ndani ya ofisi yake mwenyewe.

Hatimaye wakabaki watatu. Chande, fundi wa mabomba, mzee mwaminifu ambaye akiokota msumari wa serikali huurudisha. Ruwaida, fundi umeme, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Na Zakayo Dungu, fundi wa malango ya chini ya ardhi. Dungu alikuwa na pua ya ajabu. Aliinama juu ya shimo, akavuta pumzi mara moja, akakwambia bomba limeziba mtaa gani na wenyewe walikula nini jana.

Wakipungua hao watatu, mtambo usingekwenda. Na mtambo ukisimama wakati wa masika, uchafu wa Kilimani ungeteremka na kufurika Bondeni. Ua wa kwanza kabisa kufikiwa ulikuwa wa Bi Kiyungi, mama yake Sikudhani, aliyekuwa akipika mikate ya kumimina kwa ajili ya mtaa mzima. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

*

Sikudhani akaenda Wizara ya Kujuana kuomba kufunga baraza yake. Alipokewa na Ofisa wa Milango, Bwana Ngulo.

"Kufunga?" Ngulo aliacha kutafuna. "Kwani mama wewe ni mheshimiwa?"

"Mimi ni msimamizi wa majitaka."

"Basi usijali, utaratibu upo. Serikali haijashindwa kitu. Unatangaza kwanza Barazani, ukurasa wa mbele, majina ya hao unaotaka kuwaficha. Na picha zao, ujuzi wao, namba zao za simu. Yanakaa pale mwezi mzima, ili mwenye pingamizi ajitokeze."

"Nikishawatangaza hivyo, nitakuwa nimemficha nani?"

"Hilo swali zuri," alisema Ngulo kwa fahari. "Huulizwa na kila anayekuja. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kufika hatua ya pili."

Kwenye kochi la ofisi hiyo, mguu juu ya mguu, alikaa Lameki Fanaka akila sambusa.

"Huyu ni shemeji yangu," Ngulo akaeleza. "Hukaa hapa kusikiliza kero za wananchi."

Lameki akajifuta mafuta mdomoni kwa kidole, na kwa kidole hicho hicho akafungua simu. "Da Sikudhani! Nasikia wamebaki watatu? Nani na nani vile?"

Sikudhani akatoka mbio. Kwenye ukumbi akamkuta Waziri mwenyewe akipita na wapambe wake, akamwangukia.

"Mheshimiwa, mafundi wanaisha. Uchafu utarudi majumbani mwa watu!"

Waziri akasimama, akaangalia kama kuna kamera. Ilikuwepo. "Mama yangu," alisema kwa sauti ya upole, "nchi nyingine zina dhahabu. Sisi tuna watu. Dhahabu ikikaa ardhini inamfaa nani? Na kuhusu uchafu, naomba tubadili fikra. Uchafu ni mtazamo."

Wapambe wakaandika, uchafu ni mtazamo. Miaka yote aliyofanya kazi juu ya mashimo ya mji, Sikudhani hakuwahi kupata kichefuchefu. Siku hiyo alikipata, kwenye zulia la Wizara, kinyaa cha mtu aliyekuta unywele kwenye uji na bakuli limeshafika nusu. Akashika njia ya Bondeni kwa mama yake.

*

Bi Kiyungi alikuwa uani akipanga makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Alisikiliza yote bila kukatiza, kisha akasema:

"Wewe nilipokuzaa ulikuwa mtoto mzuri, unatisha. Kila anayepita anasimama. Nikaona hawa wataniulia mwanangu kwa kijicho. Nikakupaka masizi usoni, nikakuvika tambara. Mtu akiniuliza, namwambia, hiki? Achana nacho, kibaya, kinalia mchana kutwa na kinanuka. Wakakuacha. Umekua."

"Unataka niwapake mafundi masizi, mama?"

"Mimi nimesema habari za mafundi? Mimi nasimulia mtoto." Akapuliza makaa. "Ila ukiwapaka, usisahau kuwanawisha. Mtoto asiyenawishwa huyazoea."

Sikudhani aliyasikia ya kwanza, akainuka na furaha yake. Haya ya mwisho yalimpita.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, aliwaeleza mafundi mpango wenyewe. Walicheka mpaka Chande akapaliwa na ugali. Ushuhuda wa zamani ukafutwa, mpya ukaandikwa, kila mmoja akishauri atukanwe vipi.

"Mimi andika mwizi," alisema Chande. "Andika, hata kisichobebeka atakirudia usiku."

"Mimi mvivu," alisema Ruwaida, kasimama kama kawaida yake. "Akiamka hulaumu wenzake, kisha hulala tena."

"Na mimi, dada," alisema Dungu, "andika sina pua. Uozo upite chini ya meza yangu, siusikii. Na andika sina utu, ukinipa cheo nitawasahau mpaka walionizaa."

"Wewe Zakayo!" Sikudhani alifuta machozi ya kicheko. "Hilo nalo nani ataliamini?"

Akaliandika. Alitia na chumvi yake, maana kusifu alikuwa fundi, na kumbe kutukana ni ufundi ule ule uliogeuzwa upande wa pili.

Dawa ikafanya kazi kuliko alivyotarajia. Lameki alipiga hodi, akaingia, akasoma, akatoka bila kuaga. Baadaye alimpigia simu kwa uchungu. "Da Sikudhani, kumbe ulikuwa unakaa na takataka za namna hii? Mimi nina jina la kulinda!" Madalali wengine wakaambizana. Baraza ya msimamizi wa majitaka ikawa kimya, mgeni hakanyagi. Mtambo ukanguruma vizuri, na Bi Kiyungi akauza mikate yake kwenye ua mkavu.

*

Lakini kuna waliokuwa wakisoma Barazani kwa makini kuliko madalali. Kamati ya Uteuzi ya Taifa ilikuwa imezunguka nchi nzima ikitafuta viongozi, na kila ilipofungua baraza ilikuta watu waadilifu, wachapakazi, wenye huruma. Kamati ikakata tamaa. Ndipo mjumbe mmoja akafika kwenye baraza ya Sikudhani, akaita wenzake.

Msafara wa magari meusi ukaingia kwenye mtambo na ving'ora. Waziri Tumbuo akateremka, akaziba pua kwa leso, kisha akakumbuka kwamba uchafu ni mtazamo, akaizibua.

"Tunatafuta lulu kwenye bahari za mbali," alihutubia, "kumbe lulu zimo shimoni kwetu! Mzee Chande, mtu asiyeacha hata kisichobebeka! Jamhuri inakukabidhi Hazina. Bi Ruwaida, hodari wa kulala na kulaumu! Wewe ni Kamishna wa Tathmini. Na ndugu Zakayo Dungu..." Hapo sauti ya Waziri ilikwama kwa hisia. "Kijana asiyesikia uozo! Sifa hii haifundishwi chuoni, ndugu zangu. Mtu huzaliwa nayo. Wewe ni Katibu Mkuu wa Wizara ya Mazingira na Manukato."

"Mheshimiwa, si kweli!" Sikudhani alipenya katikati ya askari. "Niliandika uongo! Hawa ni watu wazuri, wote watatu!"

Waziri akamgeukia kwa mshangao wenye heshima. "Umewasingizia watumishi wa umma mbele ya taifa zima, na leo unakana bila kupepesa macho? Jamani, mwandikeni na huyu jina."

 Chande alipanda gari akilia. Ruwaida alipanda, akaambiwa akae, akakaa. Dungu alikuwa wa mwisho. Alimshika Sikudhani mikono yote miwili.

"Dada, usihuzunike. Huko juu ndiko kunakoamuliwa. Nikifika, Bondeni ndiyo ya kwanza. Unanijua mimi."

Sikudhani alikuwa anamjua, na alimwamini kwa moyo wake wote.

*

Masika ikaanza, mtambo ukasimama. Sikudhani hakukaa kulia. Lilikuwepo lango moja kubwa chini ya ardhi, penye bomba la Kilimani. Ukilifunga, uchafu wa Kilimani hubaki Kilimani kwa wenyewe, na Bondeni hupona. Dungu ndiye aliyemfundisha siku za nyuma jinsi ya kuzungusha gurudumu lake. Akashuka, akalifunga, akapanda amelowa mpaka kiunoni, akaenda kumwambia mama yake alale salama.

Asubuhi wakaja askari. Walikuwa na maelekezo ya kushangaza kwa usahihi wake: mfuniko upi wa kufunua, ngazi ipi imeoza usiikanyage, gurudumu lizungushwe upande gani. Wakalifungua lango, kisha wakalipiga mnyororo na kufuli ili lisifungike tena. Katika nchi yote isiyofunga mlango, kufuli hilo lilikuwa pekee, na kazi yake ilikuwa kuzuia kufunga.

Sikudhani akampigia simu Dungu.

"Zakayo, wamefungua lango la Kilimani!"

"Bi Mbwilo," ilijibu sauti aliyoijua na asiyoijua. "Suala hilo linafanyiwa kazi."

"Bi Mbwilo ndiye nani? Mimi dada yako! Mama yangu yuko Bondeni, umekula mikate yake!"

"Serikali inawathamini sana wapika mikate," ilisema sauti, na simu ikakatika.

Adhuhuri uchafu ukaingia Bondeni. Sitaupamba. Ulitoka vyooni, ukatoka kwenye makaro, ukapanda vizingiti, mzito, mweusi, na ndani yake yakielea mabaki ya karamu za watu wasiowahi kukanyaga mtaa ule. Uliingia uani kwa Bi Kiyungi ukazima makaa ya mkate. Ukainua sufuria, ukaizungusha, ukaondoka nayo. Watoto wakaanza kutapika. Bi Kiyungi alisimama juu ya kiti, kanga ameifunga kiunoni, anatazama unga wake.

"Uliwanawisha?" alimuuliza bintiye.

 Sikudhani alijisikia kinyaa, na safari hii kilikuwa cha nafsi yake mwenyewe, kwa kila neno aliloliandika huku akicheka. Maneno huumba, na yeye alikuwa ameumba kwa mkono wake.

"Haya, kulia baadaye," mama yake akasema, akashuka kwenye kiti, miguu ikazama. "Lango liko wapi?"

Wanawake wa Bondeni walikwenda na michi ya kutwangia. Wakashuka chini, wakatwanga kufuli kama watwangao kisamvu, kwa zamu na kwa matusi ya kila rangi, mpaka likapasuka. Wakalishika gurudumu wote kwa pamoja. Lango likafungika.

*

Siku hiyo Kilimani walikuwa wakiadhimisha Siku ya Milango Wazi, kwenye bustani ya Waziri. Sikudhani alipanda mlima alivyo, na uchafu wake mwilini. Alitaka kuona kwa macho yake. Alitaka kuwaona wakiruka meza, wakiziba pua, wakigombea magari. Alitaka waone haya japo siku moja.

Alisimama kwenye uzio. Uchafu ulikuwa umeshafika. Ulibubujika katikati ya majani mazuri yaliyokatwa, ukapita kati ya meza, ukashika ncha za viatu vya Lameki Fanaka na pindo la joho la Waziri. Harufu ilikuwa ya kumwangusha ngamia. Na wakubwa walikuwa wakila. Walitafuna, wakapongezana, wakamiminiana sharubati. Bwana Ngulo alidondosha sambusa, akaiokota palepale ilipoangukia, akaipuliza, akaila. Chande alikuwa akitia vijiko mfukoni. Ruwaida alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Waziri alikuwa akisema kwamba hewa ya Kilimani haina mfano barani.

Hawakusikia chochote. Sikudhani alielewa kwamba hawakujikaza wala hawakujifanya. Walikuwa wameshazoea.

Akamtafuta Dungu kwa macho, akamwona meza kuu. Pua ya Dungu ikacheza. Pua ile haikuwa imekufa. Ilivuta pumzi mara moja, na Sikudhani alijua kwamba Dungu amejua kila kitu, lango lipi, saa ngapi, na nani amelifunga. Dungu aliinua uso, akamwona pale kwenye uzio. Wakatazamana.

"Zakayo!" Sikudhani aliita. "Sema! Wewe unasikia! Waambie!"

 Midomo ya Dungu ikafunguka kidogo. Waziri akamgusa bega akamuuliza kama kuna tatizo lolote. Dungu akatikisa kichwa, akavuta sahani karibu, akatia tonge mdomoni. Kisha akatoa simu yake, akabonyeza kitu kwa kidole gumba, akairudisha mfukoni.

Simu ya Sikudhani ikatetemeka. Aliifuta kioo kwa kiwiko, maana hapakuwa na mahali pengine pasafi mwilini mwake, akasoma. Ilikuwa Barazani.

Mheshimiwa Zakayo Dungu amefunga mlango wake.

Chini yake palikuwa na neno la kubonyeza: Mpongeze. Jingine halikuwekwa.